Sufu ya Bradford haikuuliwa na Wachina

Kuna maelezo mepesi sana ambayo watu huyatoa kila wakiongelea viwanda vya nguo vya Uingereza vilivyokufa, kwamba Mchina na Mhindi walileta vitu vya bei chee, Mwingereza akashindwa, basi, stori imeisha. Utayasikia hata kwa watu ambao ukiwaambia wakuonyeshe Bradford kwenye ramani hawaioni. Mimi siyakubali hayo maelezo. Ukiifuatilia ile biashara ya sufu taratibu, mwaka hadi mwaka, unakuta mji ulianza kupoteza soko karibu miaka mia moja kabla vile viwanda vikubwa havijafungwa, na aliyeanza kuwapiga bao alikuwa Mfaransa, wala sio mtu wa Asia. Na unakuta jambo lingine linalouma zaidi, kwamba kila shida ilipobisha hodi wenye viwanda walikimbilia dawa ile ile: kata kwa mfanyakazi. Mshahara wake, saa zake, mapafu yake, watoto wake. Kitambaa chenyewe kilichokuwa hakinunuliki kilikuja kufikiriwa mwisho kabisa.

Bradford iko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kwenye bonde lililozungukwa na vilima karibu pande zote. Mwaka 1801 palikuwa na watu kama 6,000 tu, kamji ka soko, watu wanasokota na kufuma majumbani mwao huku wakilima kidogo. Ila pale mahali palikuwa na bahati zake. Maji laini yasiyo na chokaa nyingi, na hayo ndiyo maji ya kuoshea sufu. Makaa ya mawe yako ardhini hapo hapo, chuma kiko Low Moor, na kuanzia 1774 kulikuwa na mfereji uliowaunganisha na ule mfereji mkubwa wa Leeds na Liverpool, kwa hiyo mzigo mzito ukawa hautegemei tena farasi na barabara za matope. Mwaka 1800 kikaanza kiwanda cha kwanza cha kusokota kwa mvuke. Kufika 1841 mjini kulikuwa na viwanda 38, ukijumlisha na vitongoji 70, na inakadiriwa theluthi mbili ya sufu ya Uingereza nzima ilikuwa inapitia pale. Kufika 1851 watu walikuwa 103,000. Yaani mtoto aliyezaliwa kwenye kale kamji ka soko, akifika miaka hamsini anajikuta anaishi kwenye mji mkubwa mara kumi na sita, wenye dohani za viwanda kama 200 zinatoa moshi usiku na mchana.

Sasa tuelewane hii ni sufu ya aina gani, maana bila hapo huwezi kuelewa kilichokuja kutokea. Bradford walikuwa watu wa wostedi. Wanachukua sufu yenye nyuzi ndefu, wanaichana mpaka nyuzi zote zilale upande mmoja, zile fupi fupi zinatolewa kabisa, ndio inasokotwa. Kitambaa kinachotoka hapo ni chembamba, kimekaza, hakina vinyweleo kama blanketi, na kikipigwa mwanga kinang'aa. Suti nzuri ya mwanaume mpaka leo ni uzao wa kazi hiyo.

Na kazi ya kuchana kwa mkono ilikuwa hivi. Mchanaji ana vitana viwili vikubwa vyenye meno marefu ya chuma, anavipasha moto kwenye jiko la mkaa maana sufu yenye mafuta inachanika vizuri kwenye chuma cha moto. Kitana kimoja anakifunga kwenye nguzo anakitundika sufu, kingine anashika mkononi anavuta, anavuta, anarudia, mpaka utepe mrefu laini utoke. Jiko haliruhusiwi kuzimika. Mara nyingi chumba cha kazi ndicho chumba cha kulala, watu na watoto wao wanavuta hewa ya mkaa usiku kucha. Mwaka 1845 wachanaji wenyewe walikaa wakaunda kamati, wakapita nyumba kwa nyumba kuandika hali zao, na walichokiandika kinatisha, familia nzima kwenye chumba kimoja na mkaa unawaka katikati.

Hawa wachanaji zamani walikuwa watu wenye heshima yao. Mtakatifu wao alikuwa Blaise, askofu ambaye inasemekana aliuawa kwa kuchanwa na vitana vya chuma, na tarehe 3 Februari 1825 Bradford walifanya maandamano makubwa ya kumsherehekea, wenye viwanda na wafanyakazi wanatembea pamoja barabarani na mavazi na ngoma. Miezi minne baadaye, Juni mwaka huo huo, wachanaji na wafumaji kama 20,000 wakagoma wakitaka malipo bora. Kiongozi wao alikuwa mchanaji anaitwa John Tester. Mgomo ulikaa wiki 23, michango inatoka kwa vyama vya wafanyakazi vya miji mingine, na mwisho wake wakashindwa wakarudi kazini bila kitu. Mwaka uliofuata watu wakavamia kiwanda cha Horsfall kwa ajili ya zile mashine mpya za kufuma kwa mvuke, wakapigwa risasi, wawili wakafa.

Halafu miaka ya 1840 zikaja mashine za kuchana zinazofanya kazi kweli, na jina linalotajwa sana hapo ni Samuel Cunliffe Lister. Kuna ugomvi mrefu wa nani hasa aligundua nini, Lister, Donisthorpe, Holden, Noble, Heilmann kule Ufaransa, sitauingia. Kilicho muhimu ni kwamba ndani ya miaka kama kumi na tano kazi iliyolisha maelfu ya familia ilifutika. Sisemi mashine isije. Mashine ingekuja tu. Ninachosema ni kwamba hakuna mtu aliyeona ni wajibu wake kujiuliza wale watu wataenda wapi, na mji ukajifunza kwamba ukimtupa mtu hakuna gharama unayolipa. Hilo somo lilikaa vichwani kwa vizazi.

Ukitaka kujua maisha yalikuwaje tazama watoto. Kwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Bradford ya miaka ile, inakadiriwa ni watoto kama 30 tu kati ya 100 waliofikisha miaka 15. Wastani wa umri wa kufa ulikuwa kama miaka 18, tena ni kwa sababu watoto walikuwa wanakufa kwa wingi mno. Kijito cha mji kiligeuzwa mfereji wa maji machafu, watu wanakunywa humo humo. Kipindupindu cha 1849 kiliua watu 420. Mshairi mmoja Mjerumani, Georg Weerth, aliyekuwa rafiki wa Marx na Engels, alifanya kazi ya ofisini pale kati ya 1843 na 1846 kwenye biashara ya sufu, na aliyoyaona yakamgeuza akili moja kwa moja.

Hapa ndipo watu humleta Titus Salt. Nami namheshimu Salt, niseme ukweli. Mwaka 1836 alikutana na marobota ya alpaka kwenye ghala Liverpool, manyoya ya mnyama wa Peru ambayo hakuna mtu aliyejua ayafanyie nini, akayanunua, akahangaika nayo mpaka akatoa kitambaa cha kung'aa ambacho wanawake wa Uingereza wote walikitaka. Akawa meya wa Bradford 1848, akakiona kile kipindupindu kwa macho yake. Akaamua kuhama. Tarehe 20 Septemba 1853, siku anatimiza miaka 50, akafungua kiwanda kikubwa nje ya mji pembeni ya mto Aire, akajenga na kijiji kizima kwa ajili ya watu wake, nyumba za mawe, maji safi, shule, hospitali, nyumba za wazee, baa hakuna hata moja. Hiyo ndiyo Saltaire, leo ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001. Alipofariki 1876 inasemekana watu 100,000 walisimama barabarani kumzika.

Lakini angalia vizuri alichofanya. Mtu mwenye pesa na cheo kuliko wote alitazama uchafu wa mji uliomtajirisha, jibu lake likawa kutoka na wafanyakazi wake kama 3,000. Wale laki moja waliobaki kwenye moshi? Hatuwezi kumlaumu peke yake, alifanya kuliko wenzake wote. Ndio maana ananisikitisha, kwa sababu kama yule aliyekuwa bora ndiye aliyefanya hivyo, waliobaki walifanya nini.

Ngoja niwaambie kuhusu kimeta, maana hili huku kwetu tunalijua. Wafugaji wanajua ng'ombe akifa kwa kimeta hachunwi, hagusiki. Sasa Bradford walikuwa wanapokea alpaka kutoka Peru, moheya, yaani manyoya ya mbuzi wa Angora, kutoka Uturuki hasa ile ya Van, nywele za ngamia, na ndani ya marobota kulikuwa na manyoya ya wanyama waliokufa kwa kimeta, damu iliyokauka imo humo humo. Mtu wa kwanza kulifungua robota ni mchambuzi wa sufu, anakata kamba, anatikisa, vumbi linampanda usoni. Asubuhi mzima, siku ya pili au ya tatu amekufa. Wenyewe waliuita ugonjwa wa wachambuzi wa sufu na kwa miaka mingi hawakujua ni nini. Daktari wa pale pale, John Henry Bell, ndiye aliyeonyesha karibu na 1880 kwamba hicho ni kimeta kinachoingia kwa pumzi. Mwaka 1905 mji ukaunda bodi ya uchunguzi, na kazi ya kuchunguza bakteria akapewa Frederick William Eurich, mtu ambaye kwangu angestahili sanamu kuliko tajiri yeyote wa Bradford. Miaka na miaka anashika kwa mikono yake sampuli zenye kimeta, maelfu kwa maelfu, anatafuta namna ya kuua vimelea bila kuharibu sufu, mpaka akapata njia ya kutumia fomalini, dawa ya kuua vijidudu. Sheria ikapita 1919, na 1921 kituo cha kusafisha sufu ya hatari kikafunguliwa Liverpool, kabla mzigo haujafika kwa mfanyakazi. Kuanzia Bell mpaka Liverpool ni miaka arobaini. Ingekuwa wanaokufa ni wanunuzi wa kitambaa, ingechukua arobaini?

Au chukua dohani ya kiwanda cha Newlands, hapo hapo Bradford. Ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1860, mita karibu 78 kwenda juu, na wakati wa kujenga iliinama kidogo ikabidi wakate upande mmoja ili wairudishe wima. Miaka ishirini baadaye nyufa zimeonekana, mafundi wameshaanza kuizibaziba, viwanda vya chini yake vinaendelea kufanya kazi kama kawaida. Tarehe 28 Desemba 1882, asubuhi saa mbili, muda wa chai, ikaanguka. Wakafa watu 54, wengi wao wasichana na watoto waliokuwa wanafanya kazi nusu siku na nusu nyingine wanaenda shule. Uchunguzi ulipofanyika wamiliki hawakulaumiwa, ilionekana ni ajali.

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndiyo mizani yangu. Wakati hayo yanatokea mji ulikuwa kwenye kilele cha utajiri wake. Pale katikati wakajenga soko la sufu, Wool Exchange, jiwe la msingi aliweka Palmerston mwenyewe 1864 akiwa waziri mkuu, likafunguliwa 1867, jengo kama kanisa kubwa, nguzo za mawe mekundu, na siku ya Jumatatu na Alhamisi wanaume wenye kofia ndefu wanajaa humo wanauziana sufu ya dunia nzima. Pembeni yake wafanyabiashara wa Kijerumani, kina Jacob Behrens na wenzake, wakajenga mtaa mzima wa maghala ya mawe mazuri mpaka leo unaitwa Little Germany. Baba yake mtunzi wa muziki Delius alikuwa mmoja wa wafanyabiashara hao wa sufu. Hata unene wa uzi dunia nzima ulipimwa kwa hesabu ya Bradford: kutoka ratili moja ya sufu unapata mafundo mangapi ya yadi 560 kila moja. Ukipata 64, hiyo sufu ni ya namba 64, na mkulima wa kondoo kule Australia alikuwa anaijua bei yake kwa namba hiyo hiyo ya Bradford. Hiyo ndiyo nguvu, mtu wa upande wa pili wa dunia anapima mali yake kwa kipimo chako.

Na hapo hapo ndipo ufa ulipoanzia. Kitambaa kilichoitajirisha Bradford katikati ya karne ile kilikuwa cha mchanganyiko, mtande (nyuzi za urefu) wa pamba, mshindio (nyuzi za kukatisha) wa sufu ndefu ya Kiingereza au alpaka au moheya. Kinang'aa, kimekakamaa kidogo, kinasimama. Kilifaa sana enzi za yale magauni makubwa yaliyotanuliwa na vizimba vya waya chini yake. Mitambo yote ya mji ikanunuliwa kwa ajili ya kitambaa hicho. Kuchana, kusokota, kufuma, kutia rangi, kila kitu kimepangwa kufuata nyuzi ndefu ngumu.

Miaka ya 1870 fasheni ikageuka. Wanawake wakaacha yale magauni yaliyosimama wakataka kitambaa laini kinachoangukia mwilini. Waliokuwa nacho ni Wafaransa wa mji wa Roubaix, wanatumia merino, sufu fupi laini, wanaichana bila mafuta na kuisokota kwa mashine za aina nyingine kabisa inayotoa uzi mwororo. Vita ya Ufaransa na Prussia ya 1870 na 1871 iliwavuruga Wafaransa kidogo, Bradford wakapata oda nyingi wakadhani mambo ni mazuri, lakini vita ikaisha, Roubaix wakarudi, na Bradford wakajikuta wana maghala yamejaa kitambaa kinachong'aa ambacho hakuna anayekitaka. Hii ni 1875, jamani. China ilikuwa wapi?

Kusema kweli sio wote walilala. Walijenga chuo cha ufundi, kikafunguliwa 1882, kwa sababu waliona Wafaransa na Wajerumani wanawazidi kwenye usanifu na kwenye rangi. Wengine wakahamia kwenye suti za wanaume, na hiyo iliwaokoa miaka mingi. Ila wengi walikaa wakisubiri fasheni irudi. Waliandika mpaka barua kuwaomba mabibi wakubwa wavae vitambaa vya nyumbani kwa uzalendo. Mashine ilikuwepo, imelipiwa, inazunguka, kwa nini uitupe? Huo ndio mtego wa mtu aliyeshinda mapema.

Halafu Marekani ikapandisha ushuru. Sheria ya McKinley ya Oktoba 1890 iliwafungia wateja wao wakubwa mlango. Pale Manningham, mtaa wa Bradford, kwenye kile kiwanda cha Lister, yule yule wa mashine za kuchana, sasa kiwanda kikubwa kuliko vyote duniani cha hariri na mahameli chenye dohani ya mita 76, uongozi ukatangaza mwezi Desemba kwamba mishahara inakatwa. Watu kama 5,000 wakatoka, wengi wao wanawake, katikati ya baridi. Wakakaa nje mpaka Aprili 1891, wiki 19. Jeshi likaletwa mjini. Wakashindwa tena, kama 1825.

Ila safari hii walioshindwa hawakurudi mikono mitupu kabisa. Waliona kwamba wanasiasa wa chama cha Liberal waliokuwa wanawapigia kura ndio hao hao wenye viwanda na madiwani walioita askari, wakaanza kujipanga wenyewe, na Januari 1893 chama cha Independent Labour Party kikazaliwa hapo hapo Bradford, Keir Hardie akiwa mwenyekiti. Mtu wa Bradford Fred Jowett, aliyeingia kiwandani akiwa na miaka 8, akaenda bungeni 1906, na 1907 Bradford wakaanza kupika chakula cha mchana kwa watoto wa shule kwenye jiko la shule ya Green Lane, kazi ambayo Margaret McMillan na wenzake walikuwa wameipigia kelele kwa miaka. Kwangu mimi hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote kilichotoka kwenye sufu ya Bradford, na kimetoka kwa watu walioshindwa mgomo.

Kampuni ya Salt nayo ilifilisika mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1890, ile familia ikatoka, wengine wakanunua. Mwaka 1897 ukaja ushuru mwingine wa Marekani, wa Dingley, mbaya zaidi. Vita ya kwanza ya dunia ilileta oda za sare za jeshi, pesa ikaonekana tena, ya pili vile vile, na katikati yake mdororo wa miaka ya 1920 na 1930. Hapa napita haraka maana ni kupanda na kushuka kwa kufuata vita, na mitambo mingi iliendelea kuwa ile ile.

Tuje kwenye ile sehemu ambayo watu wengi wanaipotosha. Baada ya 1945 viwanda vilikosa watu. Vijana wa Bradford walishaona wazazi wao wametumiwaje, kulikuwa na kazi nyingine zenye malipo bora na hewa safi, nani aende kwenye chumba cha kuchana chenye joto, kelele na harufu ya mafuta ya kondoo? Wakaletwa kwanza Wapolandi, Waukraine, Waitaliano. Halafu miaka ya 1950 na 1960 wakaja wanaume wa Pakistani, wengi wao kutoka Mirpur, sehemu ambayo bwawa la Mangla lilihamisha watu zaidi ya laki moja. Wenye viwanda walikuwa wamenunua mashine mpya za gharama, na mashine ya gharama hailipi kama haizunguki saa 24. Wanawake sheria ya viwanda ilikuwa hairuhusu wafanye usiku. Wazungu wanaume hawataki kwa mshahara ule. Basi shifti ya usiku ikawa ya Wapakistani, mara nyingi saa 12 kwa usiku mmoja, jioni mpaka asubuhi, wanaishi wengi kwenye nyumba moja, wa usiku akitoka kitandani wa mchana anaingia. Mtu anaweza kukaa mjini miaka kumi hajawahi kufanya mazungumzo ya maana na mwenyeji, kwa sababu wakati wenyeji wako macho yeye amelala. Halafu baadaye wanakuja kuulizwa mbona hamkuchangamana!

Hao ndio walioshikilia sufu ya Bradford hai kwa miaka ishirini ya ziada. Bila wao ingeanguka mapema. Ila kwa upande mwingine, na hapa nawalaumu wenye viwanda, kupatikana kwa mtu wa kufanya usiku kwa bei ile kuliwapa wengi nafasi ya kuendelea na bidhaa ya kawaida ambayo nchi yoyote ingeweza kuitengeneza, wakati Waitaliano wanapanda kwenye vitambaa vya hali ya juu na usanifu. Na nyuzi za viwandani zimeshaingia, nailoni, polyesta, akriliki, sweta halihitaji kondoo tena. Miaka ya 1970 na 1980 ilipofika viwanda vikawa vinafungwa kimoja baada ya kingine, na kwa kuwa Wapakistani walikuwa wamewekwa kwenye zile kazi za kuchana na kusokota na za usiku, ndizo zilizokatwa kwanza. Mwanaume ana miaka 45, kifua kimechoka, Kiingereza hakufundishwa na mtu kwa sababu mashine haikihitaji, anaambiwa asante, nenda. Kiwanda cha Salt kilifungwa 1986. Cha Lister, kilichowahi kuwa na watu 11,000, kikafungwa 1992.

Leo Wool Exchange ni duka la vitabu. Kiwanda cha Salt kimejaa picha za mchoraji David Hockney, mtoto wa Bradford, kazi iliyoanzishwa na Jonathan Silver aliyelinunua lile jengo 1987, na kwa kweli alilifanyia vizuri. Cha Lister sehemu yake ni nyumba za kupanga na za kuuza. Majengo yamepata watu wa kuyapenda, na mimi nafurahi, ni mazuri mno. Sanamu zipo. Ya Salt ilisimamishwa 1874, ya Lister 1875, wote wawili wakiwa bado hai, wakajiona wenyewe wamechongwa kwenye mawe.

Wa shifti ya usiku hawana, na kinachonikera ni kwamba kwao bado kuna muda. Wachanaji wa 1825 hatuwezi kuwauliza kitu. Wasichana wa Newlands vile vile. Ila wanaume wa Mirpur walioingia kiwandani miaka ya 1960 wakiwa vijana, baadhi yao wapo, ni wazee wa miaka themanini na kitu, wanakwenda msikitini Manningham kila siku. Miaka ya 1980 mji ulikuwa na kitengo cha kurekodi kumbukumbu za watu wake, walihoji wafanyakazi wa viwandani wakiwemo hao wahamiaji, kazi nzuri sana ile. Mwaka 2025 Bradford ilikuwa mji wa utamaduni wa Uingereza nzima, pesa ilikuja, wageni walikuja. Sehemu ya pesa ya namna hiyo iende kwa watu wanaojua Kipotwari, lugha ya watu wa Mirpur, na Kiurdu, wakakae na hao wazee, wawaulize mashine ilikuwa inaitwaje, mshahara wa Ijumaa ulikuwa kiasi gani, nani alikatwa kidole, siku ya kufungwa waliambiwa nini na nani. Halafu yawekwe pale kwenye jumba la makumbusho ya viwanda Eccleshill, pembeni ya zile mashine zenyewe, kwa majina yao.